Sekunde Nne

Mama Atukuzwe hunisalimia kila asubuhi saa moja unusu, na kwa miezi kumi na mmoja sijamwitikia hata mara moja.

Hupanda kutoka kijijini na ndoo ya maziwa kichwani na viazi mgongoni, akipita kati ya mashamba ya pareto yaliyofunikwa na ukungu. Akifika getini huweka vitu juu ya jiwe, hugonga kengele, kisha husimama na kuanza. "Hodi huko ndani! Umeamkaje, mwanangu?" Kwa kuwa hajibiwi, hujijibu mwenyewe. "Salama. Nyumbani je? Wazima wote. Na baridi? Eh, ndiyo hiyo, tumeizoea." Hucheka kidogo, hujifunga khanga upya, huondoka. Mimi niko nyuma ya mlango wa chuma, nikimchungulia kwenye tundu, hatua ishirini tu kutoka kwake, nimejiziba mdomo kwa mkono kama mtoto aliyeiba sukari.

Ameambiwa kwamba aliyemo humu hasikii chochote cha nje. Aliyemwambia hivyo alitaka kumpunguzia kazi, lakini hakujua anaongea na nani. Mwanamke wa Kikinga hapiti mlangoni pa mtu bila salamu, hata mwenye nyumba awe kiziwi.

Kazi yangu inaitwa ulinzi, ingawa sina bunduki wala mbwa. Mimi ndiye mtu pekee nchini anayeruhusiwa kuona matokeo ya jaribio la dawa ya homa ya ukungu kabla halijakwisha. Daktari haoni, muuguzi haoni, mgonjwa haoni, hata kamati iliyoniajiri haioni mpaka siku ya kikao. Zamani mlinzi wa namna hii alikaa ofisini kama watu wengine, akala chakula cha mchana na wenzake, akarudi kwake. Siku hizi simu ya kila mtu inasoma sauti na kufichua kilicho moyoni mwa msemaji. Miaka sita iliyopita mlinzi mmoja aliguna tu alipokuwa akizungumza na mama yake, simu ya mama ikausoma ule mguno kuwa ni habari mbaya, ikaisambaza, na kabla ya Ijumaa nusu ya waliojitolea walikuwa wamejitoa. Tangu hapo sheria ikawa moja: mlinzi akae peke yake mlimani, asitoe sauti, na barua zake zipite kwanza kwenye mashine tunayoiita Msafishaji, inayoondoa kila harufu ya hisia. Nilipoweka sahihi nilijiambia mwaka mmoja si kitu. Nilikuwa sijawahi kuishi hata wiki moja bila kusikia mtu akilitamka jina langu, Tusekile, na sasa kuna siku nalitamka kimoyomoyo nisije nikalisahau.

Programu ninayoilinda niliiandika mwenyewe. Inaitwa Mizani. Mtu angenialika kuieleza, na hakuna anayenialika, ningemweleza hivi: mkulima akipata mbegu za aina mbili asizozijua, msimu wa kwanza hupanda nusu kwa nusu. Akiona moja imeota vizuri zaidi, msimu wa pili huiongezea eneo, lakini ile nyingine haiachi kabisa, asije akawa amedanganywa na mvua. Mizani hufanya hivyo kila siku, kwa watu. Wagonjwa wengine huwekewa dripu ya dawa ya zamani zahanati, wakalala huko siku saba. Wengine hupewa vidonge vipya wakavimeze nyumbani. Tulianza nusu kwa nusu. Kufikia mwezi wa nane, vidonge vilikuwa vimeshinda kwa mbali, na Mizani ikawa inawapa vidonge wagonjwa wanane kati ya kila kumi.

Nilifurahi, sisemi uongo. Nilikaa peke yangu na sahani ya viazi, nikafurahi bila kuwa na mtu wa kumpigia.

*

Jumanne Mama Atukuzwe alifika kwa kuchelewa. Aliweka ndoo, akagonga kengele.

"Umeamkaje, mwanangu? Salama. Nyumbani je? Nzuri tu, wazima."

Nikangoja kicheko chake, kisha hatua zake zikiteremka. Sikusikia kimoja. Alikuwa bado amesimama pale.

"Ila shemeji yangu Ezekia tumemzika juzi," alisema, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia baridi. "Ni ile homa. Alipewa vidonge, akavimeza vyote kama alivyoelekezwa, mtu mtiifu yule. Na jana ikapigwa simu ya kumuulizia. Binti mmoja, sauti tamu, ana adabu zake. Akasema, habari za mgonjwa? Nikamwambia nzuri. Ndiyo kwanza navuta pumzi nimweleze msiba, akasema ahsante, akakata. Sijui alikuwa na haraka gani." Akajifunga khanga upya. "Haya, mwanangu. Maziwa yako hayo."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Binti huyo ni mimi.

Mizani haikuhitaji kuwafuata wagonjwa wa dripu, kwa sababu muuguzi alikuwa nao na aliandika mwenyewe aliyepona na aliyekufa. Wa vidonge walikuwa makwao, milimani, kwa hiyo siku ya saba Mizani iliwapigia simu. Sauti ikawa yangu, maana kamati ilitaka mtu wa nyanda za juu, anayetamka kama wenyeji. Nilikaa siku mbili studio nikirekodi "habari za mgonjwa?" kwa namna arobaini. Wenzangu walitaka swali liwe moja kwa moja: mgonjwa yu hai au amekufa? Nikawaambia hakuna mtu aliyelelewa anayeuliza hivyo. Nikashinda. Kisha, kwa kuwa mtandao wa milimani ni mfinyu na simu zilikuwa nyingi, nikaiamuru Mizani isikilize sekunde nne tu baada ya swali. Ikisikia jibu zuri, iandike amepona, ishukuru, ikate.

Tuliijaribu mjini, sisi kwa sisi, ofisini. Tulijibu kama watu wa ofisini: amepona, hajapona, amefariki. Ikapata mia kwa mia, tukanunuliana soda.

Na mimi nimezaliwa Tukuyu! Baba yangu alipofariki, mama alinipigia nikiwa chuoni. Nikauliza habari za huko. Akasema nzuri, sote wazima, je, umeshakula? Akaniuliza mitihani, akaniuliza kama nina sweta. Baada ya yote hayo ndipo akasema, "Sasa kaa kitako, mwanangu." Kwetu habari mbaya haitangulii. Mtu humpa mwenzake kwanza neno la kumshika, ndipo humpa la kumwangusha. Nililijua hilo kuliko ninavyojua hesabu. Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa darasa la pili, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyosahau. Niliipa mashine adabu ya kuuliza, sikuipa adabu ya kungoja.

*

Simu za vidonge zilikwisha kupigwa mia tatu na kumi na mbili. Mizani hufuta sauti baada ya siku thelathini, hivyo zilizobaki zilikuwa arobaini na moja. Kwenye sekunde ya nne iliziba masikio yake na kutoa mlio wa kukata, lakini laini ilibaki wazi na mtambo wa kurekodi uliendelea mpaka mtu alipoweka simu yake chini. Hakuna aliyewahi kusikiliza hizo sekunde za mwisho. Kwa nini asikilize, na jibu limeshaandikwa?

Nilizisikiliza zote mchana ule, dirisha likiwa jeupe kwa ukungu.

"Habari za mgonjwa?" sauti yangu iliuliza, changamfu.

"Nzuri, dada," mwanamume mmoja alijibu. Mizani ikashukuru. Kisha, juu ya mlio wa simu iliyokatika: "Ila alitutoka Jumatano... Halo? Halo?"

Mzee mmoja alisema, "Nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu," akaendelea kuzungumza karibu dakika nzima, akieleza jinsi mkewe alivyoomba maji mara ya mwisho, bila kujua kwamba hakuna mtu upande wa pili. Msichana mmoja alisema, "Nzuri. Subiri kwanza, sijamaliza. Sijamaliza!" Hilo nililisikia mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Sijamaliza.

Nilipofika ya mwisho nilikuwa na tisa. Watu tisa ambao Mizani iliandika wamepona na walikuwa wamezikwa. Ukiongeza mmoja ambaye ndugu yake alilia tangu neno la kwanza, aliyeandikwa sawasawa kuwa amekufa, ni kumi kati ya arobaini na mmoja. Kwa upande wa dripu walikufa ishirini na watatu kati ya mia moja na tisini. Kwa kila mia, vidonge viliua ishirini na wanne, na dripu kumi na wawili. Na programu yangu, kwa bidii yote niliyoifundisha, ilikuwa ikiwasukuma watu upande wa vidonge.

Lakini mimi ni mtu wa takwimu, na mtu wa takwimu hata akilia hukokotoa. Arobaini na moja ni wachache. Bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kama ile, pengine mara moja katika ishirini na tano. Sheria niliyoiandika mimi mwenyewe inasema mlinzi asisimamishe jaribio kwa ushahidi wa aina hiyo, maana anayefunua chungu kila dakika hajui kama chakula kinaiva. Nikisimamisha, jaribio zima linabatilika. Dawa hairudi tena milimani kwa miaka mitano au saba. Na kama nimekosea, kama vidonge ni vizuri, watu wa vijiji visivyo na zahanati watakufa miaka yote hiyo kwa kukosa vidonge ambavyo mimi nilivizuia. Kulikuwa na mlango mmoja halali: kuiandikia kamati.

Nikamwandikia mwenyekiti wake: "Profesa Kiswaga, shikamoo. Watu waliokufa wameandikwa wamepona. Nimewasikia kwa masikio yangu. Nakuomba, nakuomba sana, itisha kikao leo."

Msafishaji akaipokea, akaisafisha, akanionyesha kilichotumwa: "Mlinzi amebaini tofauti katika ukusanyaji wa taarifa za upande mmoja. Anapendekeza kikao."

Jibu likaja asubuhi iliyofuata, kabla ya saa moja. "Tumepokea kwa shukrani. Kikao kijacho ni baada ya siku tisa. Endelea kulinda."

Homa ilikuwa imepamba moto wiki hiyo, wagonjwa wakaingia saba kwa siku. Siku tisa ni watu sitini na watatu, na hamsini kati yao wangepewa vidonge.

*

Jumatano hiyo hiyo, saa moja unusu, kengele ikalia.

"Umeamkaje, mwanangu? Salama. Nyumbani je? Nzuri." Sauti ya Mama Atukuzwe ilikuwa imechoka. Safari hii sikungoja kicheko. Nilibandika sikio mlangoni. Nilijua sasa kwamba neno lenyewe bado halijasemwa.

"Ila Baba Atukuzwe naye alishikwa na joto jana. Nadhani aliipata kule msibani. Tukampeleka zahanati, wakampa vidonge, tukarudi naye. Ameanza jana jioni." Alivuta pumzi. "Sijui kwa nini nakwambia wewe. Labda kwa sababu hunikatizi."

Nilishika komeo. Nataka lijulikane hilo, ingawa halinisaidii. Komeo lilikuwa mkononi mwangu, baridi, na sentensi ilikuwa tayari mdomoni: mrudishe zahanati, mama, waambie wamwekee dripu, leo hii. Maneno manane. Angeteremka mbio. Angewaambia wote aliowakuta njiani, simu zao zingesikia, na kufikia jioni jaribio lingekuwa limekufa. Ningekuwa nimeliua kwa ajili ya mtu mmoja niliyemjua kwa maziwa ya mkewe, kati ya hamsini nisiowajua kwa lolote. Na arobaini na moja ni wachache. Nilijiambia hivyo. Mara moja katika ishirini na tano, nilijiambia, pengine ni bahati tu.

Kulikuwa pia na njia ya tatu, na nitaisema kwa sababu niliifikiria muda mrefu kuliko zote. Mizani ni mkono wangu. Mstari mmoja tu, nami ningeweza kuinong'oneza irudi nusu kwa nusu, au iwapeleke watu wote kwenye dripu mpaka siku ya kikao. Hakuna ambaye angejua. Jaribio lingebaki hai kwenye karatasi na ndani lingekuwa uongo wangu. Nilikwisha kumdanganya kila mtu kwa kutojua. Sikutaka kuanza kudanganya kwa kujua.

Kwa hiyo nilisimama pale na komeo mkononi, sikufanya lolote. Nikazisikia hatua zake zikishuka. Nilijiita mwenye busara. Ilikuwa woga.

*

Alhamisi kengele haikulia.

Saa mbili nilikwenda kuchungulia kwenye tundu la mlango. Jiwe lilikuwa tupu, lina unyevu. Saa tatu lilikuwa tupu. Saa nne nikaketi mbele ya Mizani, nikaona imekwisha kupokea wagonjwa wanne siku hiyo na wote imewapa vidonge.

Katika fani yangu kuna somo zima juu ya taarifa zinazokosekana. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mtu asiyejibu usimhesabu mzima wala mgonjwa, hesabu kwamba hujui. Nililifundisha somo hilo miaka minne. Lakini kwa miezi kumi na mmoja mama yule alikuwa hajakosa hata siku moja, si kwa mvua, si kwa mazishi ya Ezekia, na mimi nilijua. Hakuna hesabu iliyonisaidia kujua. Nililia kwa sauti, nikashtuka, maana nilikuwa nimesahau sauti yangu ilivyo ikitoka kooni.

Kusimamisha jaribio ni jambo jepesi mno. Unaandika jina lako kamili, unaandika sababu. Niliandika Tusekile Mwakalobo. Kwenye sababu nikaandika: "Waliokufa wameandikwa wamepona, na kosa ni langu. Sina uhakika kwamba vidonge vinaua. Nina uhakika kwamba hatujui, na tunawagawia watu kana kwamba tunajua." Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Kuanzia saa hiyo kila mgonjwa atakayefika atawekewa dripu, kama zamani, na wale walio na vidonge majumbani watafuatwa wapelekwe zahanati.

Jibu la kamati lilikuja kabla sijasimama. "Jaribio limebatilika. Usitoke. Gari litakuja Jumatatu."

Nikavaa koti, nikafungua mlango, nikaenda getini. Geti halikuwa na kufuli. Halijawahi kuwa nalo.

*

Nilikuwa sijawahi kukiona kijiji chenyewe. Nilifuata njia aliyoikanyaga yeye, inayopita katikati ya pareto. Nilikuwa bado na tumaini. Nilipanga maneno ya kumwambia, kwamba zahanati wamekwisha kupewa taarifa, kwamba tumbebe sasa hivi, mimi nitashika upande mmoja wa kitanda.

Sikuhitaji kuuliza nyumba ni ipi. Nje palikuwa na moto mchana, na wanaume wamekaa kuuzunguka na makoti yao. Wanawake walikuwa kwenye mikeka ukutani.

Nilimtambua kwa khanga. Yeye hakuwa na namna ya kunitambua. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na alikuwa amenyoosha miguu mbele kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Wanawake walisogea, nikapiga goti mbele yake.

"Habari za hapa, mama?" Sauti ilitoka na kutu.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Karibu."

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hapo Mizani ingekuwa imeshaandika amepona. Tano. Sita. Kuni zilikuwa zinalia motoni. Kwenye tisa alininyanyulia uso, akanitazama kwa muda mrefu.

"Sauti hii naijua," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyenikatia simu ya Ezekia."

"Ndiye mimi, mama. Na ndiye niliyekuwa ndani ya ile nyumba ya juu."

Alilifikiria hilo. Niliona likimfika kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi, miezi kumi na mmoja.

"Kumbe ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia. Kila siku." Ningeweza kuishia hapo. "Hata jana."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kama dripu ingemwokoa mumewe sijui, na sitajua kamwe, kwa maana hata dripu inaua kumi na wawili kwa mia, na mtu mmoja hana asilimia. Aliangalia mikono yake, kisha akasogea kidogo ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka.

"Basi mimi sijamaliza," alisema.

Nikakaa.

"Malizia, mama," nikamwambia. "Sina haraka."